Mrefumrefu: Mhadhara Juu ya Kivumishi Kimoja cha Kiingereza



Kivumishi nilichokuja nacho leo ni kidogo na hakina makuu. Kwa Kiingereza ni "longish". Hakimo katika maneno magumu anayopewa mwanafunzi kukariri, na mfasiri akikutana nacho katikati ya ukurasa hakimzuii njia: anaandika "wa urefu wa wastani", anapita. Dai langu ni kwamba hapo amekosea, na amekosea kwa sababu amesahau zana aliyoachiwa na lugha yake mwenyewe.

Wastani ni katikati. Wapange watoto wa darasa zima kwa kimo, na aliye wa wastani atasimama katikati ya mstari, ana wafupi kushoto na warefu kulia. Aliye "longish" hasimami hapo. Kitu chenye sifa hiyo kimeshavuka katikati na kuelekea upande wa urefu, ila msemaji hataki, au hathubutu, kukiita kirefu waziwazi. Mwingereza akisema barua ni "longish" hamaanishi kuwa si ndefu wala si fupi. Anamaanisha ni ndefu, lakini asije akashikwa kwa kauli yake. Muulize fundi cherehani: mkono wa shati wa urefu wa wastani ataukomesha kwenye kiwiko; ukimtaka ule ulio "longish", ataupitisha kiwiko bila kuufikisha kwenye kifundo. Mfasiri aliyeandika "wastani" amemkatia mteja shati jingine.

Neno lenyewe lina vipande viwili, na kipande cha "long" hakina shida. Mambo yako mkiani, kwenye "-ish". Mkia huo ni wa kale sana. Katika Kiingereza cha Kale uliandikwa "-isc", na ndugu zake wangali hai: Wajerumani wana "-isch", Waswidi na Wadenmaki wana "-sk". Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutaja watu na mambo ya watu, ndiyo maana Kiingereza kinaitwa "English" na Kiswidi "Swedish". Hata "French" na "Welsh" zina mkia huohuo, uliosagika kwa kutumika mpaka irabu yake ikapotea. Kutoka kwa watu ukahamia kwenye tabia: "childish" ni mambo ya kitoto, "foolish" ni ya kipumbavu. Katika karne ya 14 ukaonekana kwenye rangi, ukitaja wekundu na umanjano usiokoza. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umeshafika kwenye urefu, na hapo ndipo "longish" inapoanza kujitokeza katika maandishi. Baadaye ukaenda kwenye hesabu na saa, hivyo mtu wa "fortyish" ana miaka arobaini hivi, na karamu ya "sevenish" itaanza saa moja, au saa moja na robo, au Mungu akipenda. Kisha, katika miaka ya 1980, mkia ukakatika mwilini ukaanza kutembea peke yake. Umeshiba? "Ish." Kiasi hivi.

Nifungue mabano kidogo kwa ajili ya wanafunzi: "finish" na "publish" hazimo katika ukoo huu. Hizo zilikuja kwa mlango wa Kifaransa, na kufanana kwa sauti si undugu.

Nadhani wengi mmeshaona ninakoelekea. Safari hiyo ya mkia wa Kiingereza, kutoka kwa watu hadi tabia hadi rangi, ndiyo safari ya kiambishi chetu awali "ki-". Kiingereza, Kimakonde, Kidigo: lugha na mambo ya watu. Kitoto, kihuni, kishamba: tabia. Jani likatupa kijani, jivu likatupa kijivu, manjano ya jikoni yakatupa rangi ya kimanjano. Kimoja kinatangulia neno, kingine kinalifuata, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Lugha mbili zisizojuana ziliwaza jambo moja, kwamba kitu kikifanana na kingine kinastahili kubeba jina lake kwa nusu. Hata dharau wameirithi wote wawili. Ukikibandika kiambishi kwenye jina la mtu au umri wake, mara nyingi unachoma: "childish" ni lawama kama "mambo ya kitoto" yalivyo lawama. Ukikibandika kwenye rangi, unapooza tu.

Lakini "ki-" yetu ilisimama kwenye rangi. Haikuendelea hadi kwenye vipimo. "Kijiti kirefu" hakina maana ya kijiti kinachofanana na kirefu. "Ki-" hiyo ni ya ngeli, haipunguzi urefu wowote. Kwenye vipimo Kiswahili kilipita njia nyingine, nami nitaifikia. Kwanza tumsikilize Mwingereza mmoja aliyeuona mkia huu vizuri kuliko wengi waliomfuata.

Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa mjini London. (Tusimchanganye na Johnson wetu, Frederick, ambaye kamusi zake za Kiswahili na Kiingereza zilitoka mwaka 1939. Lugha zote mbili zina deni kwa akina Johnson.) Kamusi ile ya 1755 ilitanguliwa na sarufi fupi ya Kiingereza, na humo "-ish" ikapewa maelezo mafupi yenye akili nyingi. Johnson aliona kwamba mkia huu ni daraja la ulinganishi kwa namna yake, ila ni daraja la kushuka: kama kuna kirefu, kirefu zaidi na kirefu kuliko vyote, basi chini ya kirefu kuna ngazi nyingine ambayo sarufi za Kilatini hazikuwahi kuihesabu. Mifano yake ilikuwa weusi na chumvi, "blackish" na "saltish". Akaongeza kwamba maneno haya hayapandi tena daraja. Kwamba mkia hupenda sifa zinazohisiwa na milango ya fahamu, na hupenda maneno ya silabi moja. Na kwamba katika mtindo wa heshima na utukufu hautumiki.

Yajaribuni maneno hayo kwa Kiingereza cha leo, mtaona yamesimama. Hakuna anayesema kitu hiki ni "longish" zaidi ya kile. Kwenye neno refu mkia unageuka mzaha. Na hukuti "longish" katika mkataba wa kiwanja, hati ya mahakama wala sala. Neno hili ni la mazungumzo, la barua kwa rafiki, la mwandishi wa gazeti aliyeketi vizuri. Sasa ijaribuni mifano yake miwili kwa Kiswahili. Mchuzi ulio "saltish" una chumvichumvi. Kitambaa kilicho "blackish" kina weusiweusi. Mama yeyote jikoni angempa Johnson jibu bila kuinua macho.

Kabla ya kufika kwenye njia hiyo ya Kiswahili, tuulize "longish" inapimwa kwa rula gani. Haipimwi kwa rula yoyote. Mwaka 1944 Edward Sapir, mwanaisimu wa Marekani aliyekuwa amefariki miaka mitano kabla, alichapishiwa makala juu ya maneno ya kupanga vitu kwa daraja, na hoja yake kuu ni kwamba binadamu hupanga kabla hajapima. Tunajua hiki kinazidi kile muda mrefu kabla ya kujua kinazidi kwa ngapi, na kila "kirefu" tunachosema kina ulinganishi uliofichwa ndani yake. Wazee wa pwani wasingehitaji makala hiyo. Kitambaa kilipimwa kwa dhiraa, yaani mkono, na wari ni mikono miwili, na pima ni mikono minne. Lakini mkono wa nani? Palikuwa na dhiraa kamili, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na dhiraa konde, inayoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Muuzaji na mnunuzi walijua kugombana juu ya tofauti hiyo.

Kwa hiyo "longish" huuliza daima: kwa kulinganisha na nini? Waandishi wa vitabu vya kutambulia ndege wanalipenda sana neno hili, na wana haki. Chukueni ndege wa matope, akina kitwitwi, wanaokuja kwenye fukwe na mikoko yetu kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia. Wengi wana rangi moja ya udongo, wana kimo cha karibukaribu, na wanakimbia kabla hujainua darubini. Kinachowatofautisha ni mdomo, mguu na mkia. Kuna mmoja ambaye akikunja mabawa, mkia wake unachomoza nyuma kupita ncha za mabawa. Mwandishi wa kitabu atasema mkia huo ni "longish". Hasemi mkia ni mrefu, maana msomaji atatazamia kitu cha tausi. Hasemi ni wa wastani, maana hapo atakuwa hajasema kitu. Anasema: kwa ndege wa ukubwa huu na ukoo huu, mkia umezidi kidogo kuliko unavyotegemea. Mwongoza watalii anayeandaa maelezo kwa Kiswahili akaandika "mkia wa wastani" amefuta alama pekee iliyokuwa inamtambulisha ndege. Na mdomo wa shorewanda ulio mrefumrefu kwa shorewanda ni mfupi mno kuliko mdomo mfupi wa korongo yeyote. Neno halikubadilika, kilichobadilika ni kundi.

Kundi hubadilika, na nyakati pia. Nywele za vijana wa Beatles walipotua Marekani mwaka 1964 zilizua zogo kwenye magazeti. Ziliitwa ndefu, na baadhi ya wazazi waliona mwisho wa dunia. Tazameni picha hizo leo. Nywele zilezile, hata "longish" hazifiki. Na nywele zinazogusa kola, kichwani mwa mwanamume wa Kiingereza ni "longish", kichwani mwa dada yake ni fupi.

Kuna jambo jingine ambalo kamusi nyingi hazina nafasi ya kulieleza, nalo ni adabu. Mwingereza anapokuambia kutoka stesheni hadi nyumbani kwake ni mwendo "longish", vaa viatu imara. Amekuonya, lakini ameipunguza habari ili asionekane analalamika au anakutisha. Sisi nasi tuna kupunguza kwetu. Ukiuliza njia kijijini utaambiwa "hapo mbele tu", ukatembea mpaka jua likazama. Ila nia ni tofauti. Mwenyeji wetu anapunguza ili akutie moyo, hivyo anakanusha urefu kabisa. Mwingereza anapunguza huku akiukiri urefu. Kwa sababu hiyo "hapo mbele tu" haifai kufasiri "longish", ingawa miguu itachoka kwa kiasi kilekile.

Tofauti hii inaonekana wazi zaidi ukiweka "longish" kando ya dada yake, "lengthy". Neno hilo lilizaliwa Marekani katika karne ya 17, na hata mwishoni mwa karne ya 18 wahakiki wa London walikuwa wakilikataa kama uzushi wa kikoloni. Baadaye walilimeza, kama walivyomeza mengine. "Lengthy" hubeba uchovu. Hotuba iliyo "lengthy" imewachosha watu, mashauri yaliyo "lengthy" yamekula muda wa kila mtu. "Longish" haina kinyongo hicho. Hotuba iliyo "longish" ilizidi kidogo, lakini msikilizaji amesamehe, na pengine aliifurahia. Kufasiri maneno haya mawili kwa "refu" tupu ni kuweka lawama na msamaha kwenye kapu moja. Kwa "lengthy" tunayo "iliyorefushwa", tunayo "ndefu ya kuchosha". Kwa "longish" je?

Tunayo njia tatu au nne, na kila moja ina mtego wake. Hapa nitakaa.

Njia ya asili ni uradidi, kulirudia neno. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyochapwa London mwaka uleule wa 1944, aliuona mchezo huu wa lugha yetu, na kila mtoto anaujua bila kusoma Ashton. Najisikia homahoma: homa yenyewe bado, lakini mwili si wangu. Kuna baridibaridi leo. Mtoto analialia. Embe tamutamu, dawa yenye uchunguuchungu, macho yenye usingiziusingizi. Hapo kurudia hakuongezi, kunapunguza. Kitu kimesemwa mara mbili kwa sababu hakikutosha kusemwa mara moja. Kwa hiyo kamba iliyo "longish" ni kamba ndefundefu, na mti wenye sifa hiyo ni mrefumrefu. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu lililo karibu kuliko yote, kwa sababu lina ladha ileile ya mazungumzo na lina aibu ileile ya kutokutaka kusema moja kwa moja. Hata Johnson angeridhika: mrefumrefu hapandi daraja, na hana nafasi katika mkataba.

Mtego uko kwenye wingi. "Nyumba kubwakubwa" zikitajwa nyingi si nyumba zenye ukubwa wa kusitasita. Ni nyumba kubwa, moja hapa, nyingine pale, kila moja kubwa kwa nafsi yake. "Walikuja watu warefuwarefu" haipunguzi kimo cha mtu. Kwa hiyo uradidi hupunguza zaidi kwenye umoja na kwenye vitu visivyohesabika, na kwenye wingi huelekea kusambaza. Sasa fikirieni nywele. "Nywele ndefundefu" itasomwa na wengi kuwa nywele ndefu kwelikweli, unywele mmojammoja. Mfasiri akiwa na kichwa cha Mwingereza wa kola mkononi, uradidi umtoke. Aandike "nywele ndefu kiasi".

Hiyo ndiyo njia ya pili, "kiasi", na ni nzuri, lakini inataka jicho. "Njia ndefu kiasi" ni "longish". "Njia ya urefu wa kiasi" ni ya katikati, tumerudi kwenye wastani. Na "njia ndefu kiasi kwamba tulilala porini" imepaa juu kuliko zote. Neno moja, na sentensi tatu zinakwenda pande tatu. Anayeandika haraka asiliache "kiasi" mwisho wa mstari bila kuangalia kinachofuata.

"Kidogo" ni mjanja zaidi. "Huyu ni mrefu kidogo" inaweza kuwa "longish" ya kweli, kutegemea sauti. Lakini wengi watasubiri "kuliko", watake kujua amemzidi nani. Kwenye mazungumzo sauti huamua. Kwenye karatasi sauti haipo, kwa hiyo mimi hulitumia kwa tahadhari. "Hivi" linafaa kwa hesabu na saa, siku tatu hivi, saa moja hivi, na kwa "fortyish" na "sevenish" sijaona jibu bora. Kwenye urefu lina tatizo moja: "mrefu hivi" huhitaji mkono uliooneshwa hewani, na msomaji hauoni mkono wa mwandishi.

Niongeze shida moja isiyotokana na mkia. "Long" ya Kiingereza ni ya kulala. Kimo cha mtu au mti kina "tall", na kina cha kisima kina "deep". Sisi vyote vitatu tumevipa "-refu": kamba ndefu, mtu mrefu, kisima kirefu. Kwa hiyo mrefumrefu wetu anafunika maneno matatu ya Kiingereza, "longish", "tallish" na "deepish". Mara nyingi nomino yenyewe inatatua. Lakini ziko nomino ambazo hazitatui: jani refurefu ni sawa, kichaka kirefurefu kimesimama au kimetambaa? Hapo mfasiri ataje wazi, aseme kinakwenda juu au kinaenea.

Na mfano wa mwisho, kwa ajili ya wale wanaoandika hadithi. Kiingereza husema bila kucheka "a longish short story". Tuzo ya Caine ya uandishi wa Afrika hupokea hadithi fupi za maneno 3,000 hadi 10,000, na ile inayokaribia kikomo cha juu ndiyo hasa inayoitwa hivyo. "Hadithi fupi ya urefu wa wastani" ni nyingine kabisa, ile ya maneno elfu sita na kitu. "Hadithi fupi ndefu" ni kichekesho. Mimi nimechagua "hadithi fupi yenye urefurefu", kwa kutumia nomino badala ya kivumishi, kama tunavyosema mchuzi una chumvichumvi. Haigongani na "fupi", na mtego wa wingi haupo, kwa sababu urefu hauhesabiki: hadithi moja au kumi, zote zinaweza kuwa na urefurefu. Nimeijaribu kwa mkia wa ndege, kwa barua na kwa safari, na kote imekaa.

Basi ombi langu ni kwa watunzi wa kamusi za Kiingereza na Kiswahili walioko humu. Mnapoandaa toleo lijalo, kwenye "longish" ondoeni wastani. Wekeni "-enye urefurefu" kwanza, "-refu kiasi" ya pili, na mbele ya kila moja sentensi moja ya mfano, moja ya umoja na nyingine ya wingi. Mistari minne inatosha, na mwanafunzi wa kidato cha tatu hatakosea tena.